Karatasi ya zamu ikisema uongo, mgonjwa ndiye hulipa

Yako makosa ambayo mtu huyatenda kwa mkono, yako ayatendayo kwa ulimi, na yako ayatendayo kwa kalamu. Kosa ninalotaka kuliungama leo ni la kalamu. Niliandika barua dhidi ya mtu ambaye hatia yake haikuzidi yangu wala yako wewe msomaji, na barua hiyo ikamfikisha mahali asipostahili kufika. Nasimulia kisa hiki si kwa kutaka kuhurumiwa, bali kwa sababu kilinifunza jambo ambalo wakuu wetu wa afya, katika kaunti na katika serikali kuu, wangefaa kulitafakari.

Mwaka 2022 ndugu yangu mdogo alivunjika mfupa wa paja katika ajali ya bodaboda. Tulimpeleka katika hospitali moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa jina, kwani niliyoyaona humo yaweza kuonekana katika hospitali nyingi nyingine. Alilazwa katika wadi ya wanaume ya upasuaji, mguu ukavutwa kwa kamba na vyuma vizito, akaambiwa atalala hivyo kwa majuma kadhaa. Mimi niliruhusiwa kukaa kando ya kitanda chake usiku. Ruhusa hiyo haikuwa upendeleo. Nilipewa kwa sababu usiku hapakuwa na mtu wa kumletea chombo cha kujisaidia.

Wadi ile ilikuwa na wagonjwa thelathini na wanane. Mchana ilichangamka kama soko. Nilihesabu wauguzi watano au sita, wanafunzi wa uuguzi, madaktari wakizunguka, wafagiaji, wapishi na magari yao ya uji. Ilipofika saa moja na nusu jioni, watu hao wote waliyeyuka kama umande, akabaki muuguzi mmoja na taa ya mezani. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi. Kila nilipoinua macho nilimwona akitembea kwa haraka kutoka kitanda hiki hadi kile, na tochi ndogo mkononi.

Kitanda cha pili kutoka kwa ndugu yangu alilala mzee mmoja mwenye ugonjwa wa kisukari, aliyekuwa na kidonda mguuni. Alikuwa mcheshi, akitupigia hadithi za ujana wake alipokuwa utingo wa malori ya kwenda Uganda. Usiku wa tisa wa kukaa kwangu, mzee huyo alianza kutokwa na jasho na kuongea maneno yasiyoeleweka. Nilikwenda kumwita muuguzi. Nilimkuta upande wa pili wa wadi, ameinama juu ya kijana aliyekuwa akivuja damu baada ya upasuaji.

"Sista," nikamwambia kwa ukali, "kule kuna mzee anakufa, na nyinyi hapa mnapiga gumzo tu." Hakukuwa na gumzo lolote. Alikuwa amebana kitambaa kwenye jeraha kwa mikono yote miwili. Alinitazama akasema, "Baba, niko peke yangu. Nikimwachilia huyu atakwisha. Nakuja." Alipofika kwa yule mzee, zilikuwa zimepita dakika nyingi. Alimpima sukari, akamtilia dawa ya glukosi mshipani, akapiga simu kumwita daktari. Kabla ya alfajiri mzee alikuwa amekata roho. Daktari aliwaeleza jamaa zake kwamba sukari ilikuwa imeshuka mno mwilini, na kwamba angepimwa mapema huenda mambo yangekuwa mengine.

Mwanawe wa kiume, aliyekuwa amenizoea kwa kukutana nami pale, alinijia siku ya pili na ombi. Alijua kuwa mimi ni mtu wa kalamu. Alitaka nimsaidie kuandika barua ya malalamiko kwa wakuu wa hospitali. Afisa mmoja wa utawala alikuwa amemwambia kwamba usiku ule walikuwapo wauguzi watatu zamuni, kama ilivyoonyesha karatasi ya zamu. Basi nikaiandika barua hiyo kwa hasira na kwa ufundi wote niliojaliwa. Niliuliza wauguzi wawili walikuwa wamelala wapi. Niliuliza kwa nini huyo wa tatu hakumtazama mzee mapema. Nilitumia neno "uzembe" mara nne.

Miezi miwili baadaye nilimrudisha ndugu yangu katika kliniki ya mifupa. Tukiwa tunangoja, nilipita katika wadi ile kuwajulia hali waliobaki. Msimamizi wa wadi, mama wa makamo aliyekaribia kustaafu, alinitambua.

"Wewe ndiye uliyemwandikia yule kijana barua?" akaniuliza.

Nikasema ndiye.

"Basi njoo uone," akasema, akanipeleka hadi kwenye ukuta ulio nyuma ya meza ya wauguzi. Hapo palikuwa pamebandikwa karatasi kubwa yenye mistari, majina upande wa kushoto na tarehe juu, na ndani ya kila mraba herufi moja. Alitoa ya mwezi ule kutoka kwenye faili, akanionyesha tarehe ile kwa kidole. Majina yalikuwa matatu kweli. La kwanza lilikuwa la muuguzi aliyehamishiwa zahanati ya mbali miezi minne kabla ya hapo, lakini jina lake halikufutwa kwa kuwa barua ya kumleta mwingine mahali pake haikuwa imefika. La pili lilikuwa la mama aliyekuwa nyumbani amejifungua. La tatu lilikuwa la yule binti. Tena huo ulikuwa usiku wake wa kumi mfululizo, ingawa alipangiwa saba, kwa sababu aliyepaswa kumpokea aliugua na hakupatikana mwingine.

"Na yeye yuko wapi?" nikauliza.

"Aliitwa ajieleze kwa maandishi katika muda wa saa ishirini na nne," mama yule akanijibu. "Akajieleza. Kisha akaacha kazi. Wewe uliuliza wale wawili walilala wapi. Mmoja alilala zahanati, mwingine alilala na mtoto wake."

Niliandika barua ya pili kwa hospitali hiyo, nikaeleza niliyoyaona na kukiri kwamba nilikosea. Sijapata jibu hadi leo. Mzee yule hawezi kurudishwa, wala sidai kwamba familia yake haikuwa na haki ya kulalamika. Walikuwa na haki kamili. Kosa langu ni kwamba nilielekeza mshale kwa aliyekuwa karibu, nikamwacha aliyeutunga mtego. Hivi ndivyo tufanyavyo sote katika nchi hii. Mgonjwa akipata madhara tunamtafuta muuguzi wa mwisho kumgusa. Hatuulizi nani aliyepanga ratiba, nani aliyeipitisha, na nani aliyejua kwamba haisemi kweli.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Hospitali nayo ni kazi isiyofungwa mlango. Duka hufungwa jioni, shule hufungwa Ijumaa, lakini maumivu hayajui saa wala sikukuu. Juma moja lina saa 168. Mfanyakazi wa saa arubaini kwa juma hawezi kujaza hata robo ya saa hizo. Gawanya mwenyewe, msomaji, nawe utaona kwamba nafasi moja tu ya muuguzi, ikitakiwa kujazwa mchana na usiku, yahitaji watu wanne na zaidi. Ongeza likizo, ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haipungui siku 21 za kazi kwa mwaka. Ongeza sikukuu, siku za kuugua, na miezi mitatu ya uzazi. Hesabu hiyo itakupa watu watano kwa nafasi moja. Ukitaka wauguzi wawili wasikose wadini saa yoyote, tafuta watu kumi. Hesabu hii si ya chuo kikuu. Mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya. Hata hivyo, ni mara ngapi umesikia mkuu wa afya akisimama jukwaani na kuifanya mbele ya wananchi?

Tunachokisikia ni idadi ya vitanda vipya, majengo mapya na mashine mpya. Utepe hukatwa, picha hupigwa. Sijaona utepe ukikatwa kwa ajili ya ratiba ya zamu iliyopangwa vizuri. Ilhali kitanda kipya kisicho na muuguzi ni fanicha tu, na mashine isiyo na mtu wa kuiendesha usiku ni pambo.

Mambo haya yamechunguzwa na wenye elimu. Mwaka 2002 mtaalamu Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi wao juu ya wagonjwa wa upasuaji katika hospitali 168 za jimbo hilo la Marekani. Waliona kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 katika uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku thelathini. Mwaka 2004 uchunguzi mwingine huko huko ulionyesha kwamba muuguzi anayefanya kazi saa kumi na mbili na nusu au zaidi bila kuondoka yuko katika hatari mara tatu ya kutenda kosa. Wakati hospitali hizo zilipokuwa zikibishana juu ya wagonjwa wanne, sita au wanane kwa muuguzi mmoja, yule binti wetu alikuwa na thelathini na wanane, katika usiku wake wa kumi.

Usiku wenyewe ni mzigo wa pekee. Mwili wa binadamu umeumbwa ulale giza linapoingia. Mtu anayelazimishwa kukesha hupungukiwa na makini kati ya saa nane na saa kumi na moja za usiku, hata akiwa na bidii ya mchwa. Ajali ya mtambo wa nuklia wa Chernobyl mwaka 1986 ilitukia baada ya saa saba za usiku. Ile ya Three Mile Island huko Marekani mwaka 1979 ilianza karibu saa kumi za usiku. Mwaka 2007 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zamu za usiku miongoni mwa mambo ambayo yaelekea husababisha saratani. Kwa hiyo anayepanga zamu huwa anagawa afya ya wafanyakazi wake pamoja na uhai wa wagonjwa. Kazi kama hiyo haistahili kufanywa kwa kalamu ya risasi dakika za mwisho wa mwezi, baina ya chai na mkutano.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba wauguzi hawatoshi, na kwamba hata ratiba ikipangwa na malaika, watu hawawezi kuzalishwa kwa karatasi. Nakiri uhaba upo. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000, na Kenya haijakifikia. Kinachoshangaza zaidi ni kwamba wako vijana wetu waliohitimu uuguzi wanaokaa nyumbani bila kazi, kwa sababu kaunti zasema hazina fedha za kuwaajiri. Wengine wanakwenda ng'ambo. Mwaka 2021 serikali yetu na ile ya Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi kule.

Lakini uhaba hauondoi wajibu wa kugawa kwa haki. Katika mwaka wa njaa, mama mwenye nyumba hatupi kibaba. Hapo ndipo hukishika kwa makini zaidi, kwa sababu anajua akikosea kipimo mmoja wa watoto atalala bila kitu. Nyumba yenye shibe yaweza kuvumilia ugawaji mbaya. Nyumba yenye njaa haiwezi. Vivyo hivyo, hospitali yenye wauguzi wachache ndiyo hasa inayohitaji ratiba bora kuliko zote. Kule kwetu wadini watano au sita walikuwapo mchana na mmoja usiku. Je, huo ulikuwa uhaba, au ulikuwa mpango mbaya uliojificha nyuma ya uhaba?

Aidha, tuseme ukweli hata ukiwa mchungu. Yako maovu katika ugawaji wa zamu ambayo hayana uhusiano wowote na uhaba. Wako wanaopangiwa asubuhi mwaka mzima kwa kuwa wana jamaa afisini. Wako wasio na mtetezi, ambao Krismasi huwakuta wodini, Pasaka huwakuta wodini, na Idi huwakuta wodini. Nao wauguzi wenyewe si malaika. Wako wanaopenda zamu za usiku ili mchana wakafanye kazi katika hospitali za watu binafsi, kisha jioni hurudi kwa umma na macho mekundu na miguu mizito. Wako wanaobadilishana zamu kwa siri bila msimamizi kujua. Mgonjwa ndiye anayelipia haya yote, na yeye hakualikwa katika mapatano hayo.

Nchi hii imeshuhudia migomo mirefu ya wahudumu wa afya. Ule wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Ule wa wauguzi wa mwaka 2017 ulikaribia miezi mitano. Ule wa madaktari wa mwaka 2024 ulichukua siku 56. Kila mara mazungumzo yetu hutawaliwa na mishahara, na si ajabu, kwani mfanyakazi hustahili ujira wake. Hata hivyo, nilipozungumza na wauguzi wawili watatu baada ya kisa changu, hawakuanza na mshahara. Walianza na zamu. Mmoja aliniambia kwamba hujui Jumatano kama utafanya kazi Jumamosi, kwa hiyo huwezi kuahidi kwenda kwenye harusi, wala kumtafutia mtoto wako mtu wa kumlea. Mwingine alikumbuka mwaka 2020, amri ya kutotoka nje ilipoanza kutekelezwa tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Wahudumu wa afya walisamehewa amri hiyo, lakini matatu hazikuwapo barabarani. Alisema ilimbidi afike kazini saa nyingi kabla ya zamu yake au atembee gizani. "Waliotupangia saa," akasema, "walikuwa na magari."

Maneno hayo yanatufikisha kwenye kiini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayepanga zamu bila ya kuzifanya huziona nyepesi. Uongozi wa hospitali zetu kwa kawaida hukabidhiwa daktari hodari, aliyefunzwa miaka mingi kupasua na kutibu, lakini ambaye huenda hakufunzwa sana jinsi ya kuongoza watu mia tatu wenye vyeo, hasira na familia tofauti. Naye msimamizi wa wadi hupandishwa kwa kuwa ni muuguzi mzuri, kisha hupewa karatasi tupu na kuambiwa apange. Hana mamlaka ya kumzuia anayehamishwa, hana fedha za kumwita wa akiba, hana hata sauti ya kusema kwamba ratiba yake haitekelezeki. Hana budi kuandika majina ya watu wasiokuwapo ili karatasi ionekane imejaa. Uongo ule niliouona ukutani haukubuniwa na mama yule. Aliamrishwa na hali.

Florence Nightingale, ambaye wengi humkumbuka kwa taa yake tu, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya uuguzi sura nzima kuhusu usimamizi wa mambo madogo madogo. Hoja yake kuu ni kwamba kiongozi mwema hapimwi kwa yale anayoyafanya akiwapo. Hupimwa kwa kuhakikisha kwamba yale yale yanafanyika akiwa hayupo. Tukiwapima wakuu wa hospitali zetu kwa kipimo hicho, tusiende kuwatembelea saa nne asubuhi. Twende saa tisa za usiku.

Sasa nitasema yanayofaa kutendwa, kwani kulalamika pasipo kushauri ni sawa na kupiga mbiu na kukimbia.

Kwanza, ratiba ya zamu iseme kweli. Mtu akihama, akiugua, au akienda likizo ya uzazi, jina lake lifutwe siku hiyo hiyo, na pengo libaki wazi likionekana. Pengo linaloonekana humsumbua mkuu, lakini pengo lililofunikwa humwua mgonjwa. Afisa wa kaunti anayetia saini barua ya kumhamisha muuguzi na alazimishwe kutaja, katika barua hiyo hiyo, ni nani atakayejaza nafasi yake na tarehe gani.

Pili, ratiba ibandikwe angalau majuma manne kabla, na zamu za usiku, za Jumapili na za sikukuu zigawanywe kwa duru inayojulikana na kila mtu, bila kujali nani anamfahamu nani. Idadi ya usiku mfululizo iwe na kikomo, na baada yake pawe na siku za kupumzika zisizoguswa. Panapobadilishwa, mwili huzoea kwa urahisi zaidi ukitoka zamu ya asubuhi kwenda ya alasiri kisha ya usiku, kuliko ukirudishwa nyuma. Mageuzi hayo hayagharimu hata shilingi moja.

Tatu, kila hospitali iwe na orodha ya wauguzi wa akiba watakaoitwa mwenzao akiugua, nao walipwe kwa kila zamu bila kucheleweshwa. Fedha zaweza kupatikana. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, hospitali nyingi za kaunti zililia kwamba mapato yao humezwa na hazina ya kaunti. Sheria iliyotiwa saini Oktoba 2023 inaziruhusu hospitali za umma kubaki na fedha zinazokusanya na kuzitumia kwa mahitaji yao. Basi sehemu ya fedha hizo na iende kwa watu wa akiba na kwa gari la kuwarudisha nyumbani wale wanaomaliza kazi usiku.

Nne, makabidhiano ya zamu yafanyike kando ya kitanda cha mgonjwa, na zamu moja ipishane na nyingine kwa nusu saa. Anayetoka aseme, kwa mfano, mzee huyu ana kisukari, leo hakula chakula cha jioni, apimwe saa sita. Naamini maneno kumi kama hayo yangeweza kumwokoa mzee wetu. Lakini anayetoka akiwa anaikimbilia matatu ya mwisho, na anayeingia akiwa amechelewa kwa sababu ya msongamano, huachiana kitabu mezani tu.

Tano, pakitokea msiba, swali la kwanza lisiwe "Nani alikosa?" Liwe "Walikuwapo wangapi kwa hakika, na walikuwa wamefanya kazi kwa muda gani?" Anayestahili adhabu aadhibiwe, sikatai. Lakini hospitali inayoadhibu kabla ya kuhesabu huwafunza wafanyakazi wake kuficha, na makosa yaliyofichwa hurudi.

Sita, wakuu wenyewe wakeshe. Naomba kila daktari msimamizi wa hospitali, kila afisa wa utawala, na kila waziri wa afya wa kaunti wapange usiku mmoja kwa mwezi wa kuzunguka wodini, bila kutangaza na bila wapiga picha. Wahesabu wagonjwa, wahesabu wauguzi, kisha walinganishe na karatasi iliyo ukutani. Siku hizi ziko programu za kompyuta zinazopanga zamu kwa dakika chache, nami sizipingi. Lakini kompyuta iliyolishwa jina la mtu asiyekuwapo itampangia zamu kwa unadhifu mkubwa.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Katika kifungu cha 41 inampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa usawa kazini. Zamani nilidhani haki hizo mbili ni za watu wawili tofauti, mmoja amelala kitandani na mwingine amesimama kando yake. Sasa naona ni haki moja. Mgonjwa hawezi kupata yake ikiwa anayemhudumia amenyimwa yake.

Nawe msomaji, ambaye labda kesho utampeleka mzazi au mwana hospitalini, nakuomba jambo moja. Ukikuta mambo hayaendi sawa, lalamika, kwani kunyamaza si uungwana. Lakini kabla hujaandika jina la mtu katika barua yako, simama mbele ya ile karatasi iliyo nyuma ya meza ya wauguzi. Soma majina, kisha geuka uhesabu nyuso. Laiti ningalifanya hivyo usiku ule, barua yangu ingaliandikiwa mtu mwingine, na huenda yule binti mwenye tochi angalikuwa bado anatembea baina ya vitanda.